Leza kwa ngozi nyeusi: uliza mashine kabla hujauliza bei

Kwa miaka kumi na moja kibano hakikutoka kwenye mkoba wangu. Ndevu zilianza kuniota nikiwa chuo, mbili tatu kidevuni, kisha zikajaa mpaka chini ya taya. Kila asubuhi nilisimama dirishani penye mwanga, nikapapasa kwa kidole na kung'oa. Zilizokatikia ndani zilileta vipele, na vipele vikaacha madoa. Mwenye shida hii anaijua ile tabia ya kuongea na watu huku mkono umefunika kidevu.

Kwa hiyo saluni moja hapa Dar ilipotangaza "leza" ya kuondoa nywele kwa bei ya ofa, nilikimbilia. Dada aliyenihudumia hakuniuliza lolote kuhusu ngozi yangu. Alinipaka jeli, akanigandamizia kichwa cha mashine shavuni, mwanga ukapiga. Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua, na moto ambao haukupoa. Akasema ni kawaida. Usiku nikatoka malengelenge, na yalipopasuka yakabaki mabaka sita ya mstatili, yamepangana kutoka sikioni hadi kidevuni kama mtu aliyepigwa mihuri.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza kilichonipata. Mwanga wa leza hufuata rangi. Unaitafuta melanini, ile rangi ya asili iliyo kwenye unywele, melanini inaugeuza kuwa joto, na joto hilo ndilo linaloua mzizi. Sasa ngozi yetu nayo ina melanini tele. Ukitumia mashine isiyofaa, joto linaishia juu kwenye ngozi kabla halijafika mzizini. Na ile ya saluni wala haikuwa leza. Ilikuwa IPL, mashine ya mwanga wa mawimbi mchanganyiko, na ngozi nyeusi kama yangu ndiyo huungua nayo kirahisi.

Leza iliyo salama zaidi kwa weusi wetu inaitwa Nd:YAG, yenye wimbi la mwanga la urefu wa nanomita 1064. Inazama chini zaidi, na melanini ya juu ya ngozi inaifyonza kidogo. Alexandrite, ya nanomita 755, inasifiwa sana mitandaoni, ila inawafaa hasa wenye ngozi nyeupe. Dayodi, ya nanomita 810 hivi, iko katikati. Mtaalamu mzoefu anaweza kuitumia kwa mtu wa maji ya kunde, lakini mimi sikuthubutu. Kwa hiyo ukifika mahali, kabla ya bei uliza jina la mashine, uliza wimbi lake, uliza wameshahudumia ngozi nyeusi kama yako kwa muda gani. Wakibabaika, shukuru uondoke. Wakijibu vizuri, omba wajaribu kwanza mahali padogo. Mimi nilijaribiwa chini ya taya, nikakaa wiki mbili nikipaangalia kwenye kioo ndipo nikarudi.

Dada zangu, kama unatumia mkorogo, mwambie daktari. Usione haya. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ya hivyo haifai kupigwa leza. Mtajie pia vidonge vya chunusi na krimu zenye retinoli. Kama una mimba, subiri ujifungue.

Kibano, uzi na waksi viache wiki nne mpaka sita kabla ya kwenda, kwa sababu mzizi ukishang'olewa leza haina cha kupiga. Nyoa kwa wembe siku moja kabla. Najua mwanamke kunyoa ndevu kunatisha, na tumeambiwa toka utotoni kwamba wembe huzizidisha. Si kweli. Wembe unakata juu tu, mzizi hauna habari.

Maumivu yapo: ni kama raba bendi inayovutwa na kuachiwa juu ya ngozi, huku hewa baridi ikipulizwa. Yanavumilika. Ukipewa krimu ya ganzi, paka kidogo, mahali padogo, kama daktari alivyoelekeza. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu hiyo miguuni kisha wakaifunga kwa nailoni, kama walivyoelekezwa.

Mara moja haitoshi. Nywele haziko hatua moja kwa wakati mmoja, na leza inazipata zile zinazokua tu. Usoni nilikwenda mara nane, kila baada ya wiki tano. Zile nyeupe chache hazikuguswa, kwa kuwa hazina rangi. Na hata sasa huota chache, hivyo narudi mara moja kwa mwaka. Anayekuahidi kuzimaliza milele anakudanganya.

Daktari alinipima pia homoni, nikakutwa na PCOS, hali ya homoni kuvurugika kwa wanawake inayoweza kuotesha ndevu. Bila kutibu hilo ningekuwa napalilia shamba huku mvua inanyesha. Kama ndevu zimekujia ghafla, au hedhi imevurugika, au sauti inakuwa nzito, anza hospitali, leza itakusubiri.

Baada ya kupigwa, ngozi kuvimba vidogo vidogo kwenye vinyweleo kwa saa kadhaa ni kawaida. Ngozi kuwa ya kijivu au nyeupe, au kutoa lengelenge, si kawaida hata kidogo. Hapo weka kitambaa chenye maji baridi, usitumbue, usipake dawa ya meno kama nilivyofanya mimi, na umwone daktari siku hiyo hiyo. Mabaka yangu yalichukua mwaka mzima na miezi minne kufifia, nikipaka losheni ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku za mawingu. La sita, lililo karibu na sikio, bado lipo.