Usiweke anwani nzima ya picha kwenye databesi!

Acha kwanza, ndugu yangu. Umeuliza kama njia za mafaili ya CSS (yanayopamba ukurasa) na za picha kwenye tovuti ya duka lako zianze na mkwaju (/) au na nukta mbili zilizofuatana (..), lakini kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: kwamba kila bidhaa utaiingiza kwenye databesi na "http://localhost/duka/picha/kitenge.jpg", maana "hapa kwangu inaonekana". Inaonekana kwako tu!

Localhost ni kompyuta ileile inayofungua ukurasa. Fundi aliyetujengea tovuti ya duka letu la vitenge hapa Kampala alifanya hivyohivyo. Akaipandisha kwenye seva, akaifungua kwenye laptop yake mbele yetu, picha zote zikatokea, akachukua hela zake akaondoka. Zilitokea kwa sababu XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya majaribio, ilikuwa inawaka kwenye laptop hiyo, na brauza ilikuwa inazichota humohumo. Wateja wa Gulu na Mbarara waliona visanduku vitupu. Tukampigia, akatujibu kwamba intaneti ya wateja ni mbovu, nasi tukawapa wateja jibu hilohilo! Mpaka leo linaniuma. Mtu unamlipa, naye hajafungua kazi yake hata kwenye simu ya mlinzi. Au alitaka kila mnunuzi agawiwe laptop yake?

Alipobanwa akafuta localhost akaweka jina la tovuti, bidhaa baada ya bidhaa. Tulipobadilisha jina la tovuti, picha zikapotea tena. Na hata kabla ya hapo nyingine hazikutokea, kwa sababu Windows kwa kawaida haitofautishi Kitenge.JPG na kitenge.jpg, lakini seva ya Linux inatofautisha.

Kwenye databesi weka jina la faili tu: kitenge.jpg, herufi ndogo zote. Kinachotangulia jina hilo kiandike mara moja kwenye faili la mipangilio, kila ukurasa ukichukue huko. Ukihama, unagusa mstari mmoja. Na PHP, lugha inayoendesha tovuti, inapohifadhi picha kwenye diski, usiiandikie C:\xampp\htdocs, folda ya kompyuta yako. Tumia __DIR__, ipo tangu PHP 5.3, inajua yenyewe folda ya faili iliyomo.

Bado hujaingiza bidhaa, kwa hiyo rekebisha safu ya picha kwenye databesi leo. Ukishapandisha tovuti, zima XAMPP kabisa, kisha fungua tovuti kwenye simu kwa data, si kwa Wi-Fi ya nyumbani.