Sheria ya dawa ikibadilika Washington, mhamiaji asome nini kwanza

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili jijini Columbus, Ohio. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifasiri mazungumzo katika zahanati, katika ofisi za mawakili wa uhamiaji na, mara chache, mahakamani. Mimi si wakili, na ninayoyaandika hapa hayachukui nafasi ya wakili. Hata hivyo, tangu wapiga kura wa Ohio walipoidhinisha bangi kwa watu wazima Novemba 2023, na maduka yakaanza kuwauzia wenye umri wa miaka 21 na zaidi Agosti 2024, swali linalonifikia kuliko yote kutoka kwa Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wa hapa ni lile lile: ikiwa serikali imeruhusu, hofu ni ya nini? Iliyoruhusu ni serikali ya jimbo. Kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), uraia, ukaguzi wa uwanja wa ndege na kanuni za madereva wa malori ni mambo ya serikali ya shirikisho, nayo ina sheria yake.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1970, na imezipanga dawa zinazodhibitiwa katika majedwali matano. Jedwali la I ni la dawa ambazo serikali inazihesabu kuwa hazina matumizi ya tiba yanayokubalika na zina hatari kubwa ya kutumiwa vibaya. Heroini imo humo, na bangi iliwekwa humo tangu mwanzo. Kadiri unavyoelekea Jedwali la V, ndivyo masharti yanavyolegea. Dawa inaweza kuhamishwa na Kongresi kwa sheria mpya, au na wakala wa shirikisho wa kudhibiti dawa, DEA, kwa kutoa kanuni. Mabadiliko mengi ya aina hii hupita bila kelele. Oktoba 2014, kwa mfano, dawa za maumivu zenye haidrokodoni zilipandishwa kutoka Jedwali la III hadi la II, na mgonjwa aliyezoea kurudi dukani na cheti kilekile akalazimika kumwona tena daktari ili apewe kipya, kwa kuwa dawa ya Jedwali la II haitolewi mara ya pili kwa cheti kimoja. Miezi miwili kabla ya hapo tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, ilikuwa imeingizwa katika Jedwali la IV.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sheria imebadilika, muulize dawa hiyo imetoka jedwali gani na kwenda lipi, na kanuni inaanza kutumika tarehe ngapi. Bangi ni mfano mzuri wa jinsi habari inavyotangulia sheria. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilichapisha pendekezo la kuihamisha kutoka Jedwali la I hadi la III, na siku hiyohiyo makundi yetu ya WhatsApp yakatangaza kwamba imehalalishwa Marekani nzima. Pendekezo ni mwaliko wa maoni tu. Desemba 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuharakisha uhamisho huo, na tangazo likarudiwa, ilhali amri ya namna hiyo huwaagiza watendaji waifanye kazi. Haiihamishi dawa kwa nguvu yake yenyewe.

Tena, hata bangi ikihamia Jedwali la III, mhamiaji hatakiwi kushangilia mapema. Sheria ya uhamiaji haiulizi dawa iko jedwali la ngapi. Inauliza kama ni dawa inayodhibitiwa na sheria ya shirikisho, na iliyo katika Jedwali la III inadhibitiwa sawasawa na iliyo katika la I. Hapa ndipo ninapowaona watu wakiumia, wala si wahalifu: ni wafanyakazi wa maghala, wauguzi wasaidizi na wanafunzi. Mwenye kadi ya kijani akitiwa hatiani kwa kosa la dawa anaweza kuondolewa nchini. Ipo afueni moja finyu, nayo ni kosa la mara moja la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yako mwenyewe, lakini afueni hiyo ni ya shauri la kuondolewa. Aliyesafiri kwenda kumzika mzazi Bujumbura anaweza kukutana na swali jingine kabisa siku ya kurudi: kama anastahili kuruhusiwa kuingia.

Kibaya zaidi, mara nyingine hata hatia haihitajiki, kwa sababu kukiri tu kwamba umetenda kosa la dawa kunaweza kuleta matatizo. Nimeketi kwenye mahojiano ambapo afisa alisoma maswali ya fomu ya uraia kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, na alipofika kwenye dawa, mwombaji akajibu kwa uchangamfu kwamba ndiyo, hununua pipi za bangi pale dukani na risiti anazo. Alidhani risiti inamtetea. Kazi ya mkalimani ni kufasiri kila neno kama lilivyosemwa, nikafasiri. Mwongozo wa idara ya uhamiaji wa Aprili 2019 unasema wazi kwamba bangi, hata pale jimbo lilipoiruhusu, inaweza kumnyima mtu sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia, na unagusa pia ajira katika biashara hiyo. Kijana anayefikiria kazi ya kufungasha bidhaa kwenye duka la bangi, kwa kuwa inalipa zaidi kidogo kuliko ghala la jirani, na amwone wakili kabla ya kutuma maombi. Sisemi mtu adanganye afisa. Uongo ni kosa linalojitegemea na mara nyingi ni zito zaidi. Nasema maswali hayo yajibiwe kwanza ofisini kwa wakili, ambako siri inalindwa.

Madereva wa malori wana yao. Kipimo cha mkojo cha shirikisho hakijali kadi ya jimbo ya bangi ya matibabu, na tangu Novemba 18, 2024 aliyefeli na hajakamilisha utaratibu wa kurudi kazini anavuliwa na jimbo lake haki ya kuendesha lori la kibiashara. Mafuta ya CBD, yatokanayo na mmea wa jamii ya bangi, nayo si kisingizio kinachokubaliwa: chembechembe za THC, kemikali ya bangi inayolevya, zikionekana, jibu ni kwamba umefeli. Bidhaa za katani (si mkonge, bali hemp, bangi yenye THC kidogo) ziliruhusiwa mwishoni mwa 2018 kwa sharti la asilimia 0.3 ya THC, na soko likajaa pipi na vinywaji vya kila rangi. Sheria iliyotiwa saini Novemba 2025 imekaza kipimo hicho hadi miligramu 0.4 kwa chombo kizima, ikatoa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika. Kilichoko rafuni leo kisikupe uhakika wa kesho.

Kuhusu miraa, au mirungi kama tusemavyo Tanzania, wengi hupumbazwa na kumbukumbu za Meru, ambako ni zao la biashara la halali. Huku majani mabichi yana kemikali iitwayo kathinoni, iliyo katika Jedwali la I. Yakikauka sehemu kubwa hugeuka kathini, ya Jedwali la IV. Bichi au kavu, usiipokee posta kwa niaba ya mtu.

Na mizigo ya wageni ikaguliwe nyumbani kabla ya safari. Mama mkwe anakuja na vidonge vya maumivu katika kifuko cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu "1x3", bila jina la dawa wala la mgonjwa, na ndani yake kuna tramadoli. Afisa wa forodha hawezi kujua ni nini. Dawa iwe katika chombo chake cha asili, iambatane na barua ya daktari kwa Kiingereza, na itajwe kwa afisa bila kusubiri kuulizwa.

Kwa aliyekwisha kushtakiwa, hifadhi karatasi za mahakama hata kama kesi imefutwa katika kumbukumbu za jimbo, maana idara ya uhamiaji kwa kawaida haitambui ufutaji huo. Angalia kama hati ya mashtaka inaitaja dawa kwa jina. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la mhamiaji kutoka Tunisia aliyetiwa hatiani Kansas kwa sababu ya soksi alimoficha vidonge; alishinda kwa kuwa hatia yake haikufungamanishwa na dawa yoyote iliyomo katika majedwali ya shirikisho, ilhali orodha ya Kansas ilikuwa na dawa ambazo shirikisho halikuzidhibiti. Wakati huo alikuwa amekwisha kuondolewa nchini. Karatasi hizo mpelekee wakili kabla hujaweka sahihi kukubali kosa lolote, hata lile unaloambiwa kwamba ni dogo na litaisha kwa faini.