Keki Mnaweza Kuiondoa, Risala Iacheni

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii ni fupi: mahafali ya kidato cha nne yamekuwa mzigo kwa wazazi, je, yafutwe, yapunguzwe au yaachwe kama yalivyo? Limenikuta na barua ya shule mkononi. Wanataka elfu thelathini na tano kwa kila mhitimu, humo mna chakula, keki, mapambo, muziki na zawadi ya mgeni rasmi. Joho ni la kukodi, halimo. Picha nazo hazimo. Ada ilifutwa kuanzia mwaka 2016 na sisi wazazi tukashukuru kwa dhati, lakini mchango una roho ya paka. Ukifukuzwa mlangoni unarudi dirishani, tena siku hizi unajiita "hiari". Jibu langu basi ni yafutwe. Andikeni: mama mmoja wa Makorora, Tanga, kasema yafutwe.

Ila nyinyi mnauliza bei, na mahafali hayajawahi kuniuma kwa bei peke yake. Kinachoniuma ni ile hesabu.

Aliyewahi kukaa chini ya turubai la mahafali anaijua. Inakuja mwanzoni kabisa mwa risala ya wahitimu, baada ya kumshukuru Mungu na kumshukuru mgeni rasmi kwa kuacha shughuli zake nyingi. "Tulianza kidato cha kwanza tukiwa wanafunzi kadhaa, leo tunahitimu kadhaa. Upungufu huu umetokana na uhamisho, utoro, ugonjwa na sababu nyinginezo." Hapo hapo msomaji anahamia kwenye matundu ya vyoo na vifaa vya maabara. Hakuna anayeshtuka. Nimeisikia Pongwe, nimeisikia Mabawa, nimeisikia mpaka Muheza kwa mdogo wangu, maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Nadhani wenye steshenari wanayo tayari kwenye kompyuta, wanabadilisha tarakimu tu.

Sisi tulimaliza mwaka 2005, shule ya kutwa ya hapa hapa mjini. Jina naliacha, maana baadhi ya walimu wangali hai na tunakutana sokoni. Ada wakati ule ilikuwa elfu ishirini kwa mwaka. Leo mtu anacheka akiisikia, lakini wenye umri wangu wanakumbuka Tanga ya miaka ile. Viwanda vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, mkonge haukuwa mkonge tena, na mababa wengi wa Ngamiani walishinda barazani wakicheza bao na kitambulisho cha kiwanda bado kimo mfukoni. Elfu ishirini haikuwa hela ya kuokota.

Nilikuwa kwenye kamati ya risala. Tulikuwa wanne, tukakaa stoo ya vitabu na karatasi za fulskepu, juu yetu mwalimu wa Kiswahili. Kazi ingeisha siku ileile kama si kijana mmoja wa Mikanjuni, mtoto wa fundi baiskeli, mpole hivi wa kuazimana kalamu. Tulipofika kwenye ile sentensi akauliza, "Sababu nyinginezo ndiyo zipi?" Tukamwambia andika, mgosi, twende nyumbani. Hakuandika. Akaenda akarudi na daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, lile refu lenye jalada gumu, pembeni limeliwa na mchwa, akaanza kusoma jina moja moja. Tulianza 118. Tulikuwa tunahitimu 83.

Basi tukakaa mpaka adhana ya magharibi. Waliohama kweli, kwa barua na mihuri, walikuwa kumi na wawili. Wawili walifariki, mmoja wao tulimzika Msambweni tukiwa na sare. Waliobaki ndio wale ambao risala huwafunga kwenye furushi moja na kuwaita watoro. Humo mlikuwa na vijana walioingia baharini, Sahare na Mnyanjani, baada ya kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada mara moja, mara mbili, mwisho wakaona aibu kurudi. Mmoja alikuwa akiuza mitumba Tangamano na tulimpita kila siku tukienda shule, naye akawa anajificha nyuma ya nguo zilizotundikwa mpaka tupite. Na walikuwemo wasichana saba. Wa saba sikuwa na haja ya kusomewa jina lake, kwa kuwa tulikaa dawati moja.

Tulimwita Kasuku. Kwenye mdahalo wa Kiingereza hakuna aliyemuweza, si wa darasa letu tu. Julai tuko kidato cha tatu, tumefungua shule, wasichana tukapangwa foleni tukapimwa. Tulipimwa kila tukifungua, lilikuwa jambo la kawaida kama kukaguliwa kucha. Siku ileile akaambiwa achukue begi. Kesho yake nikakaa peke yangu.

Kijana wa Mikanjuni akayaandika yote. Hakutaja majina, aliandika sababu: waliokosa ada wangapi, waliofukuzwa kwa ujauzito wangapi, waliofiwa na wazazi wangapi. Ilikuwa aya ndefu na, naomba niseme, nzuri, maana yule mtoto alikuwa na mkono. Mwalimu aliisoma mara moja, akaisoma tena, akavua miwani. Akasema, "Wanangu, mgeni rasmi anakuja kula pilau, haji kuhojiwa." Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mrefu, juu yake akaandika yale maneno mnayoyajua. Sina ugomvi naye. Alikuwa na mkuu wa shule juu yake, na mkuu naye alikuwa na watu juu yake.

Siku ikafika, Oktoba, lile joto la kabla ya vuli, turubai linafuka. Mgeni wa saa nne akaingia saa saba. Kwaya ikaimba, skauti wakaruka, ngonjera ikasomwa mpaka ikasahauliwa katikati. Nyuma ya jengo la madarasa moshi unapanda, masufuria mawili makubwa ya pilau. Na aliyepewa kazi ya kupika (hili kamati hatukuwa tukilijua) ni mama yake Kasuku, mpishi maarufu wa shughuli barabara ya kumi na mbili. Bintiye alikuja kumsaidia, mtoto mgongoni, anachambua mchele kwenye ungo, uso kauelekeza ukutani.

Aliyepangiwa kusoma ni yuleyule kijana wa Mikanjuni. Alisoma vizuri, bila kutetemeka, mpaka akafika: "Tulianza tukiwa 118, leo tunahitimu 83. Upungufu huu umetokana na uhamisho, utoro, ugonjwa na..." Akanyamaza. Sijui alikusudia au alipotea mstari, nimemuuliza miaka yote hii anacheka tu. Kipaza sauti kikawa kinavuma. Mkuu wa shule akakohoa.

Ndipo ikatoka sauti nyuma kule, kubwa, ya mtu aliyezoea kuita watu kwenye chakula. "Themanini na nne! Wangu ada nilimlipia mwaka mzima, risiti ninayo!"

Watu wakageuka. Mama wa pilau kasimama pembeni ya turubai, mwiko umo mkononi, kanga kaifunga kifuani, na wala hakuwa na hasira. Alikuwa akirekebisha hesabu tu, vile ambavyo angemrekebisha muuza nazi aliyemrudishia chenji pungufu. Wazazi wakaangua kicheko. Mgeni rasmi naye akacheka, akapiga makofi, nadhani alidhani ni sehemu ya burudani. Sisi wahitimu tukapiga makofi tukiwa tumesimama. Kasuku akajifunika uso na upande wa khanga na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hataki kuniambia kama alikuwa akicheka au akilia. Kijana akamalizia, "...na sababu nyinginezo," akaenda kwenye vyoo na maabara.

Wakati wa kula Kasuku akaja kukaa na sisi. Hakuna aliyemwalika wala aliyemfukuza. Tukampa madaftari yetu ya kumbukumbu ayajaze, yale ya chakula ukipendacho na rangi uipendayo. Langu ninalo. Kaandika: chakula, muhogo wa nazi. Usichokipenda, foleni. Cheti hakupata, lakini sahani alipata, tena ya nyama nyingi maana kijiko alikishika mamake.

Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule, nilimpigia simu kabla taarifa ya habari haijaisha. Akanijibu, "Shoga, mimi kwa sasa wanirudishie ada ya mama." Tukacheka sana. Ana duka lake la nafaka sasa, na Kiingereza chake bado kinawashinda wenye digrii.

Sasa nimeandika mpaka hapa na najikuta sijui nilisema yafutwe kwa nini. Siku ile isingekuwepo, hesabu ile ingesomwa wapi? Ingebaki kwenye daftari lenye mchwa. Na lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kejeli, kwamba Watanzania tunasherehekea kabla ya mtihani, keki Oktoba, mtihani Novemba, mengine tutajua matokeo yakitoka. Mimi naona hapo ndipo penyewe. Matokeo yakishatoka kuna wa divisheni wani anayekwenda kidato cha tano, kuna wa ziro anayejificha, kuna wa kurisiti anayesingizia ugonjwa, na hao hawakai tena benchi moja mpaka kufa. Katika wale 83 wetu wengi joho la pili hawakulivaa. Mahafali ndiyo siku ya mwisho ambayo hakuna anayejua nani ni nani, mama wa huyu na mama wa yule wanapiga vigelegele vya ukubwa mmoja. Mkiyahamishia baada ya matokeo, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, mtawapongeza waliofaulu tu, na hao wangepongezwa hata hivyo.

Nitalipa, basi. Lakini si elfu thelathini na tano. Nimekaa na wazazi wenzangu wa mtaani, tumekata keki, tumekata mapambo na zawadi ya mgeni, maana mgeni rasmi hana njaa ya fremu ya saa nyingine ya ukutani. Tumebaki na pilau, turubai na kipaza sauti kisichokoroma. Ikawa elfu kumi na mbili, na mwenye kushindwa aitwe kuchambua mchele badala ya kuletewa karatasi ya deni. Mwalimu wa darasa kasema atalipeleka kwa mkuu, sijui atalipeleka kwa uso gani.

Kwa hiyo futeni lile la juu, andikeni yaachwe. Ila nasemea shule za kutwa za serikali, ambako mzazi anafika kwa miguu au kwa baiskeli. Zile za binafsi zinazokodi ukumbi wa hoteli na gari la kifahari la kumleta mhitimu, hao siwajui na wala siwaingilii. Na kama risala itafupishwa ili kumuwahisha mgeni rasmi kwenye shughuli nyingine, basi narudi kwenye jibu langu la kwanza, na hiyo elfu kumi na mbili naitaka.