Kiwi cha OTDR: kabla hujafungua chemba

Vijana mnaoanza kazi ya faiba, niwapeleke kwanza Daraja la Nyali. Unavuka usiku kwa miguu, matatu inakujia na taa kamili, macho yanaingia kiwi. Gari limeshapita, lakini kwa hatua kadhaa huoni kitu. Kukiwa na shimo, ni lako. OTDR, mashine ya kupima faiba kwa mwanga, nayo huingia kiwi vivyo hivyo. Kwenye karatasi za mashine huitwa eneo pofu, lakini mimi nalijua kwa jina la kiwi.

Mashine hutuma mpigo wa mwanga ndani ya faiba, kisha hungoja kinachorudi. Kwa kawaida hurudi kidogo mno, ule mwanga uliotawanywa na kioo chenyewe. Mpigo ukifika kwenye konekta, mwanga hurudi kwa kishindo. Kioo kikikutana na hewa tupu, asilimia 4 hivi hurudi. Jicho la mashine linalemewa, na mpaka lipate nafuu kipande cha faiba kimepita bila kuonekana. Na konekta ya kwanza kabisa ni ile iliyochomekwa kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo kila kipimo huanza na kiwi.

Viwi ni viwili, na wengi huvichanganya. Kifupi ni umbali unaotosha kutenganisha konekta mbili zilizokaribiana. Kirefu ni umbali unaohitajika mpaka mstari unaochorwa na mashine utulie, ndipo upime upotevu wa mwanga kwenye kiungo, pale faiba mbili zilipoungwa, au kwenye mkunjo, vitu ambavyo havimeremeti. Muuzaji wa mashine atakutajia kile kifupi. Tena kimepimwa kwa mpigo mfupi kabisa na konekta safi. Hewa yetu ya chumvi na vumbi la Kongowea havikuwemo.

Upana wa mpigo ndio wenye neno kubwa. Ndani ya faiba mwanga huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na hapa lazima uende na urudi, kwa hiyo nanosekunde 10 ni kama mita 1 ya faiba. Maikrosekunde 1 ni mita 100. Mpigo mpana huona mbali, lakini hufunika vya karibu.

Mimi hilo nililijua kwa maneno tu hadi siku tuliyopima laini ya kilomita 3 hivi, kutoka jengo moja la Mji wa Kale kuelekea Makupa. Mita ya nguvu ilionyesha mwanga unafika umechoka. Nikapiga OTDR kwa maikrosekunde 1, mstari ukatoka umenyooka, ila kiungo kimoja cha katikati kina upotevu wa kadesibeli. Nikakihukumu. Tukafungua chemba yenye maji ya mvua, tukakata, tukaunga upya, jua la saa nane likituchoma. Upotevu ukabaki vilevile.

Fundi mzee wa timu akaja, akatazama mstari, akauliza, "Mwanangu, kebo ya mbele iko wapi?" Sikuwa nayo. Akatoa yake ya mita 500, akaiweka kati ya mashine na laini, akashusha mpigo hadi nanosekunde 30. Kiwi cha mwanzo kikaishia ndani ya kebo yake. Baada ya konekta ya kwanza ya laini, mita 14 mbele, mstari ukaporomoka. Kwa mwanga wa nanomita 1310 ulishuka kidogo, kwa ule wa 1550 ukashuka vibaya: hiyo ni alama ya mkunjo. Mtu alikuwa ameifunga faiba kwa tai ya plastiki nyuma ya kabati, ameikaza kama mzigo wa mkokoteni. Tukakata tai. Chemba tuliifungua bure.

Basi pima mara mbili: mpigo mpana kwa ajili ya mwisho wa laini, mfupi kwa ajili ya karibu, na uandike upana huo kwenye ripoti. Futa konekta kabla ya kulaumu faiba. Ile ya kijani, iliyochongwa kwa mshazari wa digrii 8, humeremeta kidogo kuliko ya buluu, lakini usizichomeke pamoja, utaziharibu zote mbili. Mwisho wa laini weka kebo nyingine, kwa sababu konekta ya mwisho haipimiki pasipo faiba nyuma yake. Hilo la mwisho hata mafundi wa miaka mingi hulisahau, halafu mteja anapiga simu jioni.