Picha za kwanza za uanamitindo: kabla hujaenda Kibirizi Jumamosi

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 19, naishi Ujiji. Nataka kuanza uanamitindo na nimeambiwa niwe na picha zangu kwanza. Nimeshapatana na mpiga picha, tunapiga Jumamosi saa 6 mchana ufukweni Kibirizi. Ijumaa nasuka rasta mpya, nimenunua kope, na fundi ananishonea magauni mawili ya kitenge. Kuna nilichosahau?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujasahau kitu, umeongeza vingi. Na hiyo saa itakuangusha, kwa hiyo nianze nayo.

Saa 6 jua liko karibu na utosini. Macho yatageuka mashimo meusi, kivuli cha pua kitaangukia mdomo. Sogezeni iwe saa 11 na nusu jioni. Usiige ratiba za wapiga picha wa Dar es Salaam: sisi wa Kigoma tuko magharibi, jua letu linazama kama dakika 38 baada ya lao. Mtapata muda mzuri wa mwanga laini kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, kabla jua halijaingia nyuma ya milima ya Kongo. Mkilazimika kupiga mchana, tafuteni kivuli cha ukuta. Chini ya mwembe pana raha ya kukaa, lakini majani yanamwaga madoa ya jua usoni na kuitia ngozi ukijani.

Sasa rasta. Nimewahi kumpiga picha binti aliyesuka usiku wa kuamkia kazi. Nyusi zilikuwa zimevutwa juu, na vipele vidogo vimejipanga pale nywele zinapoanzia, kama uzi wa shanga. Nilikaa kwenye kompyuta usiku kucha na bado vilionekana. Kama lazima usuke, suka leo, na mwambie msusi asikaze. Mimi ningekushauri ubane nywele zako mwenyewe. Mwanamitindo wetu Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe mwaka 2007 akiwa na kipara, akaingia kumi bora.

Anayechagua wanamitindo anataka kumwona mtu atakayeingia mlangoni kwake: mifupa ya uso, shingo, mabega, urefu wa miguu. Kwa hiyo anzeni na picha za bila vipodozi wala kope. Vaa singlendi nyeusi inayokaa mwilini na jinzi isiyochanika. Mpige picha za uso kwa mbele na kwa upande, kisha mwili mzima mbele, upande na nyuma. Hizi ndizo za muhimu kuliko zote, na zinaweza kupigwa kwa nusu saa.

Kitenge kije baadaye, gauni moja tu. Vitenge vyetu vya maua makubwa navipenda mno, ila vinamnyang'anya mtu uso wake. Chagua lenye mchoro mdogo. Nguo nyeupe tupu iache. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wako unazama gizani. Mwombe mpiga picha apimie mwanga usoni pako.

Ukipaka poda, ijaribu usiku kabla: zima taa, jipige kwa simu ukiwa umewasha flashi. Uso ukitoka na kijivu au weupe kuliko shingo, hiyo poda si yako. Krimu mpya usiguse wiki hii, na mkorogo usiuguse kabisa, kwani kamera itaonyesha uso wa mtu mmoja na mikono ya mwingine. Paka mafuta kidogo miguuni, beba tishu ya kufutia jasho.

Jambo dogo wengi hawalijui: lastiki za sidiria na soksi huacha mistari mwilini. Saa mbili kabla ya kupiga, jifunge kanga tu au vaa dera.

Nenda na dada au shangazi, hata kama mpiga picha unamfahamu. Andikianeni idadi ya picha utakazopewa na mahali anaporuhusiwa kuzitumia. Akidai uvue nguo eti ndivyo kazi ilivyo, ondokeni. Baadaye akitokea wakala anayetaka hela kabla hajakutafutia kazi, mkatae pia. Wakala wa kweli hula sehemu ya malipo ya kazi aliyokuletea.

Mpigie mpiga picha leo, mbadilishe saa.