Buibui wa manyoya anaua?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko vijana watatu hapa Nkuhungu, Dodoma, tunafuga buibui wakubwa wa manyoya. Mmoja wetu huwashika kwa mkono mtupu, anasema sumu yao ni maneno ya watu tu. Mwingine anaapa kwamba aking'atwa mtu hafiki asubuhi. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa pili amezidisha chumvi. Kwa jamii hiyo ya buibui hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na sumu. Nadhani anawachanganya na buibui mwingine, Atrax robustus wa Sydney, Australia, ambaye kweli ameua watu kabla dawa yake haijaanza kutumika mwaka 1981.

Lakini anayenitia hofu ni huyo wa mkono mtupu. Pterinochilus murinus, yule wa kwetu Afrika Mashariki ambaye mara nyingi huwa na rangi ya chungwa, ni mkali na ana mbio. Aking'ata, maumivu ni makali, panavimba, na misuli inaweza kukakamaa hata baada ya siku kadhaa. Kutokufa si sawa na kutoumia! Tena mhurumieni mdudu mwenyewe: akiponyoka mkononi na kuanguka sakafuni, tumbo lake hupasuka kirahisi. Mhamisheni kwa kumfunika na kopo.

Mtu aking'atwa, osheni kwa sabuni, wekeni kitambaa cha baridi. Msichanje wala msifunge kamba. Misuli ikikaza, pumzi ikibana, au aliyeng'atwa akiwa mtoto, nendeni hospitali mara moja.