Meli haijakukosea kitu, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Mafinga na mume wangu mfanyabiashara wa mbao. Tuna watoto wawili, wa miaka minane na minne. Mimi nina duka la vitenge, mzigo nafuata mwenyewe Kariakoo kila mwezi. Mwaka huu ndoa yetu inatimiza miaka kumi, na mume wangu ametoka na lake: mwezi wa saba twende wote kwao, kijiji cha jirani na Liuli, na tusipite barabarani bali tupande meli ya Ziwa Nyasa kule Kyela, ndiyo iwe sherehe yetu. Ameamua bila kunishirikisha. Tangu Pasaka amenionyesha picha za hiyo meli mara tatu, na kila nikiziona moyo unanienda mbio. Sijawahi kupanda meli wala boti. Naogopa kuzama, naogopa kutapika mbele za watu. Asubuhi nikiikumbuka tu hiyo safari natapika kweli, sasa wiki ya tatu. Mwaka juzi alitaka twende kwa gari nikakataa kwa sababu ya kona za Mbinga. Halafu mama mkwe hanipendi. Amekuja kwangu mara mbili, kila nilipojifungua, na ndoo yake ya usipa, nyumba inanuka wiki nzima, na alisema mbele ya jirani kwamba sijui kupika samaki. Nimwambieje mume wangu aende na watoto mimi nibaki, asikasirike?*

*Mama Wawili, Mafinga*

Marahaba mwanangu, na kamwene. Pole kwa hofu, haina mtu anayejitakia.

Barua yako ilikuwa kurasa nne za daftari, hapa nimewawekea wasomaji kiini chake. Nilipoimaliza niliirudia nikahesabu. Meli imepata mistari tisa. Mama mkwe amepata kurasa mbili na nusu. Mtu anayeogopa maji haandiki hivyo.

Unasema mumeo ameamua bila kukushirikisha, na sentensi inayofuata unasema amekuonyesha picha mara tatu. Mwanamume anayeamua peke yake haonyeshi picha, anakutajia siku ya kufunga mizigo. Huyu amekuja kubisha hodi mara tatu, ukamwacha amesimama mlangoni. Mwaka juzi alitaka kwenda kwa gari, ukaleta kona za Mbinga. Wewe unayeshuka na kupanda Kitonga kila mwezi, umekaa kwenye basi, abiria wa nyuma wanaomba mfuko, wewe unawaza bei ya vitenge! Kitonga huiogopi kwa sababu mwisho wa Kitonga kuna Kariakoo. Mwisho wa ziwa kuna mtu. Unachokiogopa kiko mwisho wa safari, kinakusubiri gatini kimejifunga khanga.

Sasa nikuulize. Ile ndoo ya usipa ilifikaje Mafinga?

Umeniandikia mwenyewe kwenye ukurasa wa tatu, pengine bila kujisikia: mama hupanda meli hadi Kyela, kisha basi. Bibi wa miaka 70 amesafiri kwenye ziwa hilohilo mara mbili, kwenda na kurudi, ili aje kukukanda na kufua nguo za wajukuu. Na ndoo mkononi. Usipa unauonaje wewe? Huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa gizani. Asubuhi hutandazwa juani, na mwenye kuanika hushinda hapo akifukuza kuku na kutazama wingu, maana mvua ikiudondokea ni kazi bure. Hukauka ukawa mwepesi kama makapi, ndoo moja inameza samaki wengi sana. Yule mama alijaza ndoo nzima, akaifunika kwa kitambaa, akailinda usiku kucha melini isikaliwe na mtu, akaifikisha kwako baridi ya Mafinga ikimpiga mifupa. Wewe ukafungua madirisha.

Kusema mbele ya jirani kwamba hujui kupika samaki alikosea, sitamtetea hapo. Ila mwanangu, unajua kupika usipa? Barua haisemi.

Hofu ya kuzama nitaijibu kwa heshima, kwa sababu ina mahali ilipotoka. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, wewe ulikuwa mtoto wa kuanza shule na kila redio ya nchi hii ilikuwa inalia. Ikaja MV Spice Islander mwaka 2011, ikaja MV Nyerere mwaka 2018. Nani atakucheka? Lakini vyombo hivyo vitatu vilikuwa vimejaza kupita uwezo wake, kwa hiyo hofu yako ipe kazi ya kufanya. Kama mtapanda MV Mbeya II, ile iliyoundwa hapahapa nchini ikaanza kazi 2021, uwezo wake ni abiria 200 na tani 200 za mzigo. Fika bandarini mapema utazame watu wanavyoingia. Uliza majaketi ya kujiokolea yako wapi, ya watoto pia, na mvalishe kila mtoto lake mara moja mkiwa bado gatini ili ujue kamba zinafungwaje. Kila jioni Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, sikiliza wanachosema juu ya upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa. Na ukiona chombo kimejaa hadi watu wanakaa juu ya magunia, shuka, hata kama tiketi imeshachanwa. Hapo mumeo akikuita mwoga, mlete kwangu.

Mwezi aliouchagua nao una neno. Kuanzia Mei hadi Agosti ziwa lile hupigwa na upepo mkali wa kusini, wavuvi wa upande wa Malawi wanauita mwera, na mawimbi yake hukaribiana, yanamchosha hata mwenyeji. Kwa anayepanda meli mara ya kwanza, Julai ni kuanzia darasa la juu. Mwombe msogeze hadi likizo fupi ya Septemba. Hilo ni ombi la mke anayetaka kwenda, atalisikia tofauti na "nenda na watoto mimi nibaki".

Lakini kabla ya yote, hizo asubuhi za wiki tatu. Mafinga hakuna mawimbi. Mwanamke wa miaka 36 anayetapika kila asubuhi kwa wiki tatu, mimi siulizi habari za meli, nauliza mara ya mwisho uliona siku zako lini. Nenda zahanati ukapime, kesho. Ikiwa ni mimba, usimeze kidonge chochote cha safari kabla nesi hajakuruhusu, na ujue pia kwamba mjamzito husumbuliwa na chombo kuliko mwingine. Nesi ndiye atakayesema uende lini au usubiri. Na mumeo asikie habari hiyo kutoka kinywani mwako, asiisome hapa.

Kuhusu kutapika, mimi nayajua. Nilipelekwa ukweni kwa meli kutoka Itungi, bandari ya kule Kyela, kwenda Manda nikiwa bibi harusi wa wiki mbili. Hatujafika Lupingu nilikuwa nimetapika mara tatu, nimeinamia ukingo, macho kwenye maji yanayopita. Kulikuwa na mama wa Kikisi amekaa katikati ya vyungu vyake alivyovipanga kwenye nyasi. Hakuniuliza jina. Alinishika shingo kwa nyuma, akanigeuza uso upande wa milima, akasema: "Tazama mlima. Maji yaache yaende zao." Akanipa limau ninuse. Baada ya muda tumbo likashuka mahali pake, nikaweza kumshukuru.

Miaka mingi baadaye daktari akanieleza kwa nini yule mama alikuwa sahihi. Ndani ya sikio kuna kitu kinachopima mwili unavyoyumba. Ukikaa chumbani au ukiinamia simu, jicho linasema tumetulia na sikio linasema tunayumba, ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Jicho likishika kitu cha mbali kisichotikisika, ugomvi unapungua. Na ziwa letu lina bahati yake: ukielekea kusini, milima ya Livingstone iko kushoto kwako, imesimama kama ukuta toka majini. Basi kaa upande huo, katikati ya meli na si kwenye ncha, chini na si ghorofa ya juu, mahali penye hewa, mbali na moshi wa injini. Simu itie mkobani. Usipande na njaa, na usipande umeshiba chipsi mayai. Kula mkate mkavu au ndizi, unywe maji kidogo kidogo, chai ya tangawizi kwenye chupa inasaidia wengi. Ukizidiwa lala chali ufumbe macho. Dawa zipo, sinarizini na promethazini, mfamasia atakuelekeza kipimo, lakini humezwa kabla ya safari, maana ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Promethazini inaleta usingizi mzito, kwa hiyo mmoja wenu abaki macho kwa ajili ya watoto. Hao wa miaka minne na minane ndio umri unaosumbuliwa zaidi kuliko wakubwa, ila usianze kuwaambia tangu Makambako kwamba meli inatapisha. Chukua mifuko, nyamaza.

Na msishuke kutoka Uyole na Tukuyu mkapitiliza moja kwa moja hadi ndani ya meli. Laleni Matema usiku mmoja. Asubuhi vua viatu, simama kwenye maji ya magotini, tazama wanawake wanaosuuza vyombo na watoto wanaoogelea humo kama wewe ulivyokimbia kwenye misitu ya Sao Hill. Moyo hauzoei kitu kwa kuonyeshwa picha.

Ukitapika mbele za watu je? Utafuta mdomo. Melini kila mtu ana lake, na mama mwenye limau hakosekani.

Niseme na wengine wanaosoma, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Ndoa za siku hizi zimewahamishia wakwe kwenye simu. Mkwe anapungiwa mkono kwenye kioo Jumapili, anatumiwa elfu ishirini, mtandao ukikatika tunashukuru Mungu. Mtoto anamjua bibi yake kama kichwa kisicho na miguu. Tukiambiwa twende kwao, mmoja ana kikao, mwingine ana kona, mwingine ana mawimbi. Halafu mume akifariki ndipo tunapelekwa kijijini kwake mara ya kwanza, nyuma ya jeneza, tunauliza choo kiko wapi. Nimeyaona haya Mbeya, nimeyaona Njombe, na wanaume nao wamo, wapo ambao hawajui hata mti unaoota mlangoni kwa mama mkwe. Wazee wakasema ukipenda boga penda na ua lake. Wewe boga umelila miaka kumi, ua hujaliona.

Mumeo hataki sherehe ya keki. Anataka usimame naye upande wa kushoto wa meli, akuonyeshe Lupingu, akuonyeshe Manda, halafu ule mwamba wa Liuli ambao Wajerumani waliuona kama Sphinx, ile sanamu ya Misri ya simba aliyelala mwenye kichwa cha mtu, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Anataka umwone alivyokuwa kabla ya mbao na lori na madeni ya Mafinga. Mwanamume akikuomba hilo baada ya miaka kumi, bado anakupenda, na mimi niko upande wake.

Kwa hiyo maneno ya kumwambia aende na watoto wewe ubaki sikuandikii. Leo usiku mwambie hivi: "Naogopa, ila nitakuja. Tusogeze Septemba, na usiniache peke yangu ukienda kupiga soga na mabaharia." Kisha mwambie na la mama. Mwambie lile neno la mbele ya jirani lilikuuma. Pengine hajui, umelibeba kimya muda wote huo huku ukilisingizia kona na mawimbi.

Tena tazama stoo. Ile ndoo ya usipa, kama nawajua wakwe, aliiacha kwako na haijarudi. Isugue kwa majivu na limau hadi harufu itoke. Ijaze viazi vya Mafinga, juu weka pakiti za majani ya chai ya Mufindi, uifunike kwa kitenge kizuri kutoka dukani kwako. Uibebe mwenyewe mkononi ukishuka gatini, usimpe mumeo.